Neno Katika Barua ya Maji

Filbert aliandika neno ubaoni kwa mkono uliojaa udongo mwekundu: COMMUNITY.

Darasa la shule ya msingi lilikuwa limejaa. Mwaka huo, 1993, wafadhili walikuwa wameahidi kuleta bomba la maji kitongojini, lakini barua yao ilitaka kwanza "community" ikubali. Hakuna aliyejua walimaanisha nani. Mwenyekiti Melkior akamwomba Filbert, mwalimu wa sekondari, awaeleze.

"Asili yake ni Kilatini," Filbert alisema. "Ndani yake mna neno munus. Ni zawadi, tena ni wajibu. Kwa hiyo si watu wanaokaa karibu tu. Ni watu wenye wajibu mmoja."

"Kama tulivyochimba mfereji," mzee Eliezeri akadakia.

"Hivyo hivyo, mzee."

Watu wakaitikia kwa kuridhika. Mektrida, mjane aliyekaa peke yake kwenye benchi la nyuma huku wengine wakibanana mbele, akauliza polepole:

"Na mtu akiugua, bado yumo?"

Filbert akatazama chini. "Bado yumo."

"Hata kwa ugonjwa wowote?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Mwalimu, turudi kwenye maji," Melkior akasema.

Wakarudi kwenye maji. Wakakubaliana, wakapiga makofi, wakapanga foleni kutia saini, kaya baada ya kaya.

Walipomaliza, Filbert akasimama mlangoni. "Ndugu zangu, naomba wanaume wanne. Wanne tu. Ni kazi ya nusu saa, na nyumbani mnapajua."

Eliezeri akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajakatiwa majani. Mwingine akasema mvua inakuja, naye ameanika kahawa. Melkior alinyoosha mkono kama anayetaka kumshika bega, akaurudisha mfukoni, akawafuata wenzake. Walipita mmoja mmoja, wakijibana upande wa pili wa mlango wasimguse.

Filbert alibaki ameshika fremu ya mlango.

Mektrida akainuka kwenye benchi lake, akajifunga kanga kiunoni, akaikaza.

"Twende, mwanangu," alisema. "Wewe shika jeneza upande wa kichwani kwa mdogo wako. Mimi niliyewazaa nitashika miguuni."