Mtu Hachukui Ki

Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa maktaba ya mji, Mwalimu Mwinjaka aliwafundisha watu wazima waliotaka kuwa waandishi. Kosa la ngeli lilimkera kama mchanga ndani ya wali. Siku hiyo alishika hadithi ya mwanafunzi wake Mwanamvua, akasoma kwa sauti:

“ ‘Kiwete kilikaa nyuma ya mlango, kikasubiri kipewe chakula.’ Jamani! Kiwete ni kijiko?”

Darasa likaangua kicheko. Naye, kwa raha zake, akakata kila ki kwa kalamu nyekundu na kuandika a juu yake. “Alikaa, akasubiri, apewe. Mtu hachukui ki, hata siku moja. Umenielewa, binti?”

“Nimekuelewa, mwalimu,” alijibu Mwanamvua kutoka benchi la nyuma. “Ila nimeandika walivyosema nyumbani. Baba alikuwa akiuliza, ‘Kile kimeshakula?’ ”

Kicheko kikakatika. Mwanamvua akainama, akatoa magongo mawili chini ya benchi. Mwalimu hakuwahi kuyaona. Binti huyu alikuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Sasa alikuwa anakuja mbele kuchukua karatasi yake, hatua kwa hatua.

Mwalimu Mwinjaka alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilowesha kidole kwa mate, akaanza kuufuta ule wino. Ulizidi kutapakaa tu, kidole chake kikawa chekundu, na magongo yalikuwa yanakaribia.