Karatasi ya Mlango wa Choo

Na ijulikane kwa wagonjwa na wazima kwamba Heriel, msomi wa shahada ya uzamili ya uongozi wa hospitali, amewasili katika hospitali ya kijiji kwa mafunzo ya likizo. Akakabidhiwa choo cha wodi ya wazazi, akikague kila asubuhi na kutia sahihi kwenye karatasi ya mlangoni.

Jumatatu, mama aliyejifungua alfajiri alitoka humo akitapika, kanga imelowa uchafu hadi magotini.

"Msomi," matroni aliita, akiisoma karatasi, "leo Jumatatu. Mbona umeshakagua mpaka Ijumaa?"

Harufu ilimkaba Heriel. Funza walikuwa wakipanda ukutani.

"Sijawahi kuingia, mama. Naziba pua, natia sahihi za wiki nzima, nakimbia."

Matroni alimshika mkono yule mzazi, wakaondoka polepole, wakamwachia Heriel ufagio na mlango ulio wazi.