Gugu Lililongojewa Lichanue

Hivi wewe, mwizi akiingia kwako, unangoja amalize kuiba ndipo umuulize jina?

Basi bondeni iliota miche migeni katikati ya nyasi laini, nyasi pekee ambazo mama yake Digidigi, kibogoyo, aliweza kuzitafuna. Digidigi alikuwa na digrii ya mimea na hana kazi. Akachuma mche mmoja, akatazama vijani vyake vilivyochanika kama vya karoti, akaunusa, pua ikamwasha. Mbio hadi ofisini kwa Kiboko, bosi wa malisho.

"Shikamoo, bosi. Hili ni gugu karoti, linawasha na kuua nyasi. Ling'olewe leo, likiwa bado changa."

Kiboko hata marahaba hakuitika. "Binti, ofisi hii inatambua gugu kwa ua. Ua liko wapi?"

"Likichanua, mkuu, tumekwisha! Litamwaga mbegu bonde zima."

"Una eksipiriensi?"

"Nitaipata wapi na hamniajiri?"

"Umeanza siasa. Next!"

Ila Kiboko, asije akaonekana amelala, akaamuru miche imwagiliwe ichanue upesi. Samadi akaitoa yeye mwenyewe. Ikachanua kweli, bonde likawa jeupe. Kiboko akachuma ua, akakohoa, akatangaza: "Kitaalamu kabisa, hili ni gugu karoti!"

Ofisi nzima ikapiga makofi, ikamkatia keki. Mama yake Digidigi hakupiga. Mdomo ulikuwa umevimba kwa kutafuna gugu, na nyasi hazipo.

Sasa nyie wakubwa wa malisho, acheni keki ya pongezi. Ling'oeni hilo gugu kwa midomo yenu wenyewe, leo hii, na Digidigi awasimamie kwa mshahara.