Sauti ya Pili

Perusi aliipiga pasi sare yake ya kwaya kwa mara ya mwisho, akaikunja, akampelekea mwenyekiti wao, Mama Eliwaza, kwa kuwa anayetoka kwenye kwaya hiyo huirudisha ikiwa safi. Alikuwa anaiacha kwaya ili akawaimbie wafungwa gerezani.

"Walioiba vipaza sauti vya kanisa wamo gerezani humohumo," alisema Mama Eliwaza akiipokea. "Ndio unaokwenda kuwaimbia?"

"Mungu ameniita, mama. Nimejaribu kukataa, nimeshindwa."

"Basi nenda. Hakuna atakayekufuata."

Alikwenda na khanga zake za nyumbani, nusura akimbie, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi. Langoni askari akachungulia nyuma yake.

"Kwaya iko wapi?"

"Ndiyo mimi."

Askari akacheka, akatia ufunguo kwenye kufuli. "Haya, imba kwanza nisikie."

Perusi akafungua kinywa, ndipo akakumbuka: miaka kumi na minane ameimba sauti ya pili tu, ile inayopita chini chini. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Eliwaza. Akaanza na hiyohiyo aliyokuwa nayo. Ikasikika kama wimbo uliokatwa kichwa, askari akakunja uso. Perusi hakunyamaza. Akapaza zaidi, jasho likimtoka.

Kwenye ubeti wa pili, ng'ambo ya ukuta, mwanamume mmoja akaidaka sauti ya kwanza. Kisha wengine. Ufunguo ulikuwa bado kwenye kufuli, haujazungushwa, na midomo ya askari ilikuwa imeanza kuchezacheza.