Hodi ya Tatu

Tangu wahamie nyumba hii, wiki ya tatu sasa, Kibibi hakuwahi kuingia bila kupiga hodi. Akirudi shule huvua viatu, akasimama mlangoni kama mgeni mpaka mama yake, Mwanahawa, amwitikie karibu.

"Mwenye nyumba hapigi hodi, mwanangu. Hapa ni kwetu."

"Kwetu yupo baba," Kibibi hujibu, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

Jirani yao, Bi Zuhura, alicheka. "Unamdekeza wewe! Kesho usimwitikie. Miguu ikimuuma ataingia mwenyewe. Kwani ataenda wapi?"

Kesho yake Mwanahawa alijibanza nyuma ya pazia la mlango, kajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Hodi."

Mwanahawa akazidi kujibanza.

"Hodi, wenyewe?"

Jibu lilimfika kooni, akalimeza.

"Hodi."

Akangoja pazia litikisike. Badala yake alisikia viatu vikivaliwa, na hapo ndipo alipokumbuka adabu aliyomfundisha mtoto yeye mwenyewe: hodi ni tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka.

Alitoka mbio, miguu mitupu. Kibibi alikuwa keshafika mwisho wa kichochoro, mkoba mgongoni, akitembea taratibu kama mtu aliyekuta wenyeji hawapo.

"Karibu!" Mwanahawa alipiga ukelele. "Karibu, mama! Karibu ndani!"

Milango ya majirani ikafunguka mmoja mmoja. Kibibi alisimama, lakini hakugeuka.