Dua ya Soketi

"Programu yangu kwenye Linux inakwenda, kwenye Windows imekufa," binti wa meza ya pili alisema. "Hebu nitazamie, da Faridah."

Faridah akainama. Kosa aliliona papo hapo. Kwenye Windows, soketi, yaani mlango wa programu wa kuingilia mtandaoni, haifunguki mpaka programu iuamshe mtandao kwanza kwa mstari mmoja. Linux haiuhitaji mstari huo. Faridah aliuhangaikia majuma mazima, akaupata juzi baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kwenda kwenye kibarua chake cha kuwaogesha wazee huko Lewisham.

Binti huyu hakuwahi kuhangaika. Huingia darasani amechelewa, anaandika huku anatafuna bigijii, na mwalimu humsifu mbele ya wote. Leo mwalimu atampeleka mmoja tu kwenye usaili wa kazi, yule ambaye programu yake itakwenda kwenye mashine zote mbili na kumpendeza zaidi. Faridah alijua atakayempendeza.

"Sioni kitu," alisema.

"Basi niombee. Darasa zima la Tottenham linajua dua zako zinapokewa."

Hakuwa akitania. Alishafumba macho na kukinga viganja, hina ya Idi bado imekolea kwenye vidole vyake.

Faridah naye akainua mikono. "Ewe Mola, mfungulie mja wako huyu."

"Amin," binti akaitikia, akafumbua macho, akaitazama skrini kwa matumaini.

Mwalimu, aliyekuwa akikagua meza kwa meza, alikuwa amebakisha moja kuwafikia.

Faridah hakuishusha mikono yake. Chini yake palikuwa na kibodi ya binti, na kilichokosekana ni mstari mmoja tu.