Esigani na Yule Mrefu wa Keroka

"Miguu yake inatoka nje ya kitanda," Nyanchera alisema, na Persis akaacha kuchambua mboga.

"Umeionaje, mama?"

"Mlango ulikuwa wazi. Esigani hafumbi macho."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Nyanchera, jirani yao: kuwa esigani. Pale Nyakoe, msichana akichumbiwa, bibi huyu ndiye hutumwa kwao mvulana akachunguze: ni watu wa namna gani, kuna ulevi, kuna uchawi, kuna ugomvi wa mashamba. Akirudi na ndiyo, ng'ombe wanazungumzwa. Akirudi na hapana, chai inanywewa na kila mtu anakwenda zake.

Safari hii aliyechumbiwa ni Sheila, kitindamimba wa Persis. Binti mkubwa aliolewa bila kuchunguziwa mtu, akarudishwa nyumbani akiwa amepungukiwa jino. Persis aliapa hatakosea tena.

Mchumba mwenyewe ni Omwenga wa Keroka, mrefu kama mkaratusi, mtu wa kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara. Walikuwa wameonana na Sheila mara mbili tu, kwenye harusi ya watu, lakini Sheila alikuwa ameshaanza kujifunza kutembea na visigino virefu.

"Kazi anayo?" Persis akauliza.

"Anazo nyingi, na hapo ndipo penye shida. Kigali walimwacha. Dar es Salaam wakamwacha. Kairo, Maputo, na kule kwingine kwenye baridi, wote wamemwacha. Sasa yuko kwao anangoja wa kumchukua."

"Magokoro, bibi yangu, hizo ni kandarasi," Sheila akasema kutoka jikoni. "Ikiisha, mchezaji anahamia timu nyingine. Ndivyo wanavyoishi."

"Ng'ombe mwenye maziwa, mjukuu wangu, nani humwacha ahame?"

Jikoni mfuniko wa sufuria ukagongwa.

"Anakunywa?" Persis akauliza.

"Hata tone. Hapo ndipo nilipoogopa. Mlevi akifukuzwa kazi, sababu unaijua. Huyu hanywi na bado wanamfukuza. Basi hiyo sababu ni kubwa kuliko pombe."

"Ni mkali?"

"Mpole. Mpole kupita kiasi. Mara ya tatu nilipoenda alinisongea ugali wa wimbi kwa mkono wake, halafu akaosha vyombo. Mwanangu, umewahi kuona mwanamume akikwangua sufuria bila kuitwa? Kuna kitu anaficha."

"Kumbe ulienda mara tatu?"

"Kwa mtoto wako ningeenda hata kumi."

Persis alishukuru moyoni. Esigani wengine huenda mara moja, wakishiba wanarudi na sifa tupu.

"Na nyumba?"

"Ya mawe, na chai imeizunguka pande zote. Lakini dari iko juu mno. Sheila atatoa utando wa buibui kwa ngazi mpaka azeeke."

Sheila akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Persis alimtazama, akaumia, lakini akalikumbuka lile jino.

"Basi tuwaambie hapana," akasema.

"Usijisumbue, nitawaambia mimi mwenyewe. Maneno kama haya yanataka mtu mzima."

Persis alimkamatia kuku anayetaga, akamsindikiza hadi barabarani, akamwambia Mungu amzidishie miaka.

Sabato moja mwezi uliofuata, Persis na Sheila walikuwa wameketi karibu na mbele wakati mzee wa kanisa aliposimama kusoma matangazo. Kulikuwa na mkutano wa akina mama. Kulikuwa na paa la kuzibwa. Na kulikuwa na harusi: ya ndugu Omwenga wa Keroka na dada Beverlyne, mjukuu wa mama yetu mpendwa, Nyanchera.